Mnaoanza shahada ya usimamizi wa biashara Septemba: yasomeni masomo yote kupitia biashara moja

BintiKibuye (Ijumaa, saa 2 usiku)

Habari za jioni wadau. Kila Septemba ikikaribia naona maswali yaleyale humu: mwaka wa kwanza tunasoma nini, uhasibu ni mgumu kiasi gani, hesabu itaniangusha? Nimemaliza mwaka wa tatu katika chuo kimoja upande wa Nakuru, nyumbani ni Kisumu. Mimi niliingia bila mtu wa kunieleza, na mtihani wa kwanza wa uhasibu niliurudia. Kwa hiyo leo nimeamua niandike kwa urefu.

Majina ya masomo hutofautiana chuo na chuo lakini kiini ni kimoja. Utakutana na misingi ya uhasibu, uchumi (kwanza ule wa mnunuzi na muuzaji, baadaye ule wa taifa zima), hisabati ya biashara, takwimu, misingi ya usimamizi, sheria ya biashara, masoko na kompyuta. Kuna pia yale ya lazima kwa kila mwanafunzi, kama stadi za mawasiliano.

Kosa langu lilikuwa kusoma kila somo kama kisiwa. Jumatatu nilikariri debiti na krediti, Jumanne nilichora mikondo ya mahitaji na ugavi, Jumatano nilikuwa kwenye kesi za Uingereza za miaka mia iliyopita. Hakuna aliyeniambia kwamba walimu wote hawa wanaizungumzia biashara ileile, kila mmoja ameiingilia kwa mlango wake.

Nililiona hilo likizo ya Desemba. Mama anauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye hapo Kisumu, na Jumapili soko lile hufurika hadi barabarani. Nilikaa naye juu ya gunia tupu, nikachukua daftari lake la madeni, lile lenye kona zilizolowa mafuta ya samaki, nikaanza kuandika upya. Nawapa mfano wenyewe, ila tarakimu nimezinyoosha ili zieleweke.

Mama anaanza na shilingi 20,000 taslimu. Ananunua mizani na mabeseni kwa 4,000. Analeta magunia mawili ya omena ya 12,000: analipa 7,000 papo hapo, 5,000 zinabaki deni kwa mwenye mashua. Simama hapo kwanza. Ana nini? Taslimu 9,000, vifaa 4,000, omena 12,000. Jumla 25,000. Na mali hiyo imetoka kwa nani? Kwake mwenyewe 20,000, kwa mwenye mashua 5,000. Jumla 25,000. Hiyo ndiyo mizania, hakuna uchawi mwingine.

Kila shilingi unaiuliza maswali mawili: umekwenda kukaa wapi, na umetoka wapi? Debiti hujibu la kwanza, krediti hujibu la pili. Ndiyo maana pande mbili lazima zilingane; ni shilingi moja iliyoandikwa mara mbili. Utaratibu huu ulikuwa ukitumiwa na wafanyabiashara wa Italia, na mtawa Luca Pacioli akauchapisha Venice mwaka 1494. Mpaka leo kiini chake hakijabadilika.

Tuendelee. Omena yote inauzwa 16,800. Taslimu ni 15,000, na 1,800 amekopa mama mmoja wa hoteli. Nauli na ada ya soko 1,300. Faida ni 16,800 toa 12,000 toa 1,300, yaani 3,500. Halafu mama anatoa 3,000 kumlipia ndugu yangu karo.

Mama akahesabu pesa mkononi: 19,700. Akaniangalia. "Unasema nimepata faida 3,500, na nilianza na 20,000. Mbona nimepungukiwa?"

Wadau, swali hilo la mama lilinifundisha kuliko semesta nzima. Faida na pesa mkononi ni vitu viwili tofauti. Elfu nne ziko kwenye mizani na mabeseni. 1,800 ziko hotelini. 3,000 zimeenda shuleni, na hizo si gharama ya biashara hata kidogo. Ni mwenyewe amechota kwenye mtaji wake. Na 5,000 za mwenye mashua bado zimo humo humo mkononi, zinaonekana zake na si zake. Jumlisheni wenyewe: taslimu 19,700, vifaa 4,000, deni la hoteli 1,800, jumla 25,500. Upande wa pili mwenye mashua 5,000, na mtaji 20,000 ongeza 3,500 toa 3,000, yaani 20,500. Jumla 25,500.

Ushauri wangu ni huo mmoja. Kabla hujafungua kitabu chochote, chagua biashara unayoijua: kioski cha mjomba, kinyozi wa mtaani, bodaboda ya kaka. Kila mada mpya ipeleke pale. Walio na lao waongeze.

MtotoWaBungoma (Ijumaa, saa 3 usiku)

Dada, asante sana. Mimi ndiye unayemwandikia. Mtihani wa kumaliza sekondari nimepata C+ lakini hisabati nilipata D+, na Masomo ya Biashara sikuyachukua sekondari, nilichukua Kilimo. Nimepata nafasi ya usimamizi wa biashara na siku hizi usingizi unakatika. Wenzangu wanasema hesabu ya mwaka wa kwanza ndiyo chujio. Nitaweza kweli?

KaraniWaKondele (Ijumaa, saa 4 usiku)

BintiKibuye, umeandika vizuri. Mimi ni mhasibu, miaka 12 kazini, na naomba nikurekebishe mahali pamoja kwa heshima. Umesahau uchakavu. Mizani na mabeseni ya 4,000 hayataishi milele. Tuseme yatatumika miezi 20. Kila mwezi yanapoteza 200, na 200 hizo ni gharama hata kama hakuna noti iliyotoka mfukoni. Faida yako ni 3,300, vifaa viandikwe 3,800. Ukiacha hivyo ulivyoacha, siku mizani itakapovunjika mama atadhani amepata hasara kubwa ya ghafla, na kumbe alikuwa akiila polepole miezi yote ile.

Kwa wanaoanza: andikeni kwa mkono. Najua kompyuta inajumlisha yenyewe. Lakini vijana wanaokuja ofisini kwetu wakiwa wamefundishwa na programu peke yake, hesabu ikikataa kulingana hawajui waanzie wapi. Nunua daftari kubwa, chora mstari katikati, kushoto debiti, kulia krediti. Fanya hivyo wiki 6 za mwanzo, kila siku nusu saa.

BintiKibuye (Jumamosi, saa 1 asubuhi)

Karani, umenishika vizuri. 3,300 basi. Asante.

MtotoWaBungoma, mdogo wangu, lala. Hisabati ya biashara si ile ya pembe na duara iliyokuangusha. Sehemu kubwa ni asilimia, uwiano, riba, milinganyo michache na grafu. Baadaye kidogo kuna kupata mteremko wa mkondo. Nakupa moja ujipime.

Mtu anakopa 12,000 kwa mwaka mmoja. Anaambiwa riba ni asilimia 20 tu, atalipa 1,200 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla 14,400, kwa hiyo riba ni 2,400. Ni asilimia 20 kweli? Angalia tena. Mwezi wa kwanza ana 12,000 zote. Mwezi wa sita karibu nusu amesharudisha, lakini bado anatozwa kana kwamba ameshika zote. Ukikokotoa kwa salio linalopungua, riba ya kweli inakaribia asilimia 35 kwa mwaka. Somo hilo hufundishwa mwaka wa kwanza, na katika chama cha mama cha kuweka na kukopa kuna wanawake ambao lingewaokolea ng'ombe. Nilipolijua nilikwenda kikaoni kwao na karatasi, nikalieleza kwa Kiswahili na Kijaluo mpaka kila mmoja akaelewa.

Ukiona hesabu kwa namna hiyo, ile D+ haikushiki tena.

MwalimuWaJioni (Jumamosi, saa 4 asubuhi)

Nafundisha uchumi madarasa ya jioni hapa Nakuru, na nimefurahi kuona omena, kwa sababu ni mfano ninaoupenda.

Anzeni na faida ile ya 3,300. Mhasibu ameridhika. Mimi nitauliza: mama angekuwa wapi mwezi huo kama si Kibuye? Tuseme anajua kushona na angeshona sare za shule akabaki na 4,000. Basi kwa macho ya mchumi amepoteza 700, maana gharama ya kweli ya kitu ni kile kizuri zaidi ulichokiacha ili ukipate. Wanafunzi wangu hugombana na hili kila mwaka: "Mwalimu wa uhasibu amesema ni faida!" Wote wawili wako sawa. Mhasibu anaeleza kilichotokea. Mchumi anauliza kama ilistahili kuchagua njia hiyo.

Pili, bei. Kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa Ziwa Victoria upande wetu wa Kenya ili samaki wazaane. Watu hawajaacha kupenda omena, ila inayofika sokoni imepungua, na bei inapanda. Hapo mkondo wa ugavi, yaani mstari unaoonyesha wauzaji wanaleta kiasi gani kwa kila bei, ndio uliosogea. Mkondo wa mahitaji, ule wa wanunuzi, umekaa palepale, wewe umeteleza juu yake tu. Mwanafunzi akinichorea mikondo yote miwili imehama najua amekariri.

Sasa ingieni ndani zaidi. Tuseme gorogoro (lile kopo la kupimia) ni 200 na soko zima linauza gorogoro 50 kwa saa. Bei ikipanda kwa wauzaji wote hadi 220, wanunuzi wanashuka hadi 48. Bei imepanda asilimia 10, mauzo yameshuka asilimia 4. Unyumbufu, yaani asilimia ya mauzo ukiigawanya kwa asilimia ya bei, ni 0.4, na mapato yamepanda kutoka 10,000 hadi 10,560. Mwanafunzi husema, basi mama apandishe! Hapana. Sasa mchukue mama peke yake, tuseme huuza gorogoro 50 kwa siku. Yeye peke yake akipandisha hadi 220, jirani yake kwenye mkeka wa pili bado yuko 200. Mama atauza labda 30. Bei asilimia 10, mauzo asilimia 40, unyumbufu ni 4, na mapato yake yameanguka kutoka 10,000 hadi 6,600. Bidhaa ni ileile, na siku ni ileile. Kilichobadilika ni swali: mahitaji ya omena, au mahitaji ya omena ya mama huyu? Ukiielewa tofauti hiyo, sura nzima ya aina za masoko inakuwa imeshafunguka kabla hujaifikia.

NyanyaZaJubilee (Jumamosi, saa 7 mchana)

Naongeza ya takwimu, fupi. Nilikuwa nikiuza nyanya na kusoma. Mauzo ya wiki: 900, 1,000, 1,100, 1,000, 950, 1,050, na Jumapili 5,200. Jumla 11,200, wastani 1,600. Nikanunua nyanya za kutosha mauzo ya 1,600 kila siku. Siku 6 nyanya ziliniozea, ya saba ziliniishia saa nne asubuhi. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, ya katikati ni 1,000. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kawaida. Mhadhiri alipofundisha wastani, thamani ya kati na mtawanyiko, mimi nilikuwa nimeshalipa karo ya somo hilo kwa nyanya.

KijanaWaNjoro (Jumamosi, saa 11 jioni)

Uhasibu na uchumi nakubali. Lakini misingi ya usimamizi ni kukariri tu, tusidanganyane. Kanuni 14 za Fayol, vitendo 5 vya meneja, Taylor, Weber, wale waasisi wa somo. Unaandika, unapita, unasahau. Hakuna duka la mtaani linaloendeshwa kwa Fayol.

BintiYaPosho (Jumamosi, saa 1 usiku)

Kaka, naomba nikujibu taratibu kwa sababu nami niliwaza hivyo.

Nilifanya kazi mwaka mmoja kwenye kinu cha kusaga unga kabla ya kwenda chuo. Tulikuwa vijana watatu. Mwenye kinu alitaka tusage mahindi ya wateja wa rejareja kwanza, maana wamesimama foleni na watoto mgongoni. Ndugu yake, ambaye naye aliweka pesa, alitaka tusage magunia ya shule kwanza. Kila mmoja akija alitukuta tukitii la mwenzake, na alitufokea. Yule aliyekuwa mwepesi kuliko sisi wote aliacha kazi mwezi wa nne. Sikuwa na jina la ugonjwa ule. Nilipokutana nao darasani, umeandikwa kwa sentensi moja: mfanyakazi apokee amri kwa mkubwa mmoja. Niliweka kalamu chini.

Henri Fayol hakuwa mwalimu aliyetunga kanuni za mtihani. Alikuwa mhandisi wa migodi Ufaransa, akaongoza kampuni ya makaa ya mawe na chuma kwa miaka mingi, na mwaka 1916 akachapisha aliyoyaona. Taylor naye, aliyechapisha yake mwaka 1911, alianzia chini kwenye kiwanda cha chuma Marekani. Kisha yakaja majaribio ya kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kuanzia mwaka 1924. Walibadilisha mwanga wakitafuta unaoongeza kazi, wakajikuta wanauliza habari za watu: nani anawasikiliza, wanakaa na nani. Wataalamu wamebishana sana baadaye kuhusu tarakimu za Hawthorne, na ubishi huo pia usome, ni mtamu. Lakini swali lenyewe lilikuwa la kweli. Pale kinuni taa zilikuwa za kutosha. Tulichokosa ni mtu mmoja wa kutuuliza foleni ya leo ikoje.

Ukikariri 14 utazisahau, hapo uko sahihi. Chukua tatu, utafute mahali ulipoona zikivunjwa.

KijanaWaNjoro (Jumamosi, saa 2 usiku)

Hiyo ya wakubwa wawili imenigusa. Nyumbani tuna ng'ombe wa maziwa, baba na babu wanampa mfanyakazi maagizo tofauti ya lishe kila asubuhi. Nimenyamaza.

SheriaKakamega (Jumapili, saa 8 mchana)

Nimesoma uzi wote na kuna kitu kinaniwasha. BintiKibuye amemtenganisha mama na biashara yake: karo si gharama ya biashara, ni mama amechota. Kihasibu ni sawa kabisa. Lakini kisheria, mama na biashara ile ni mtu mmoja! Mwenye mashua akidai 5,000 na biashara ikawa haina kitu, anaweza kumshtaki mama mwenyewe na kudai mali yake ya nyumbani. Daftari linawatenganisha, mahakama haiwatenganishi.

Ndiyo maana mtasoma kesi ya Salomon. Alikuwa mfanyabiashara wa viatu London. Akaigeuza biashara yake kuwa kampuni, wanahisa wakiwa yeye, mkewe na watoto watano. Kampuni ikaanguka, na upande wa wadai ukataka abebe madeni mwenyewe. Mwaka 1897 Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa Uingereza, likaamua kwamba kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama nyuma yake yuko mtu mmoja. Hapa kwetu Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inamruhusu mtu mmoja kufungua kampuni peke yake. Mama akitaka mahakama ione kile daftari linachoona, mlango ni huo. Ajue tu kwamba mkopeshaji mwerevu atamtaka aweke sahihi ya udhamini yeye binafsi, na akiweka, ukuta ule umetobolewa.

Mikataba nayo isikutishe. Kesi ya Carlill ya mwaka 1893 ni ya mwanamke aliyenunua kifaa cha kuzuia mafua kwa sababu tangazo liliahidi pauni 100 kwa atakayekitumia akaugua bado. Akaugua. Kampuni ikasema tangazo si mkataba. Mahakama ikasema mlitangaza kwamba mmeweka pauni 1,000 benki kuonyesha ukweli wenu; basi mlimaanisha, lipeni. Kila nikiona bango la "usiporidhika utarudishiwa pesa" mjini namkumbuka.

BintiKibuye (Jumapili, saa 12 jioni)

SheriaKakamega, nimemsomea mama ujumbe wako hapa sokoni. Ameuliza mara mbili kuhusu ile sahihi ya udhamini, maana kuna karatasi ya dada yake aliyoombwa atie sahihi wiki ijayo. Ameirudisha kwenye mkoba. Asante sana.

Masoko, kompyuta na stadi za mawasiliano sijayagusa. Masoko utayapenda bila kusukumwa. Kompyuta, jua jedwali la hesabu (spreadsheet, kama Excel) vizuri, hasa kujumlisha kwa masharti. Mawasiliano wengi huyapuuza na ndiyo yanayowapotezea alama, kwa kuwa kazi za vikundi za masomo yote hupimwa kwa maandishi.

MtotoWaBungoma (Jumatano, saa 3 usiku)

Dada, Karani, nimefanya mlivyosema. Nimechukua kioski cha mjomba, wiki moja, kwa mkono, mstari katikati. Nimejumlisha mara nne. Debiti inazidi krediti kwa 270 na siioni. Nimekaribia kulia.

KaraniWaKondele (Jumatano, saa 3 na nusu usiku)

Usilie. Gawanya 270 kwa 9. Ikigawanyika bila baki, mara nyingi ni tarakimu mbili zimebadilishana nafasi upande mmoja. Na kwa kuwa ukigawanya unapata 30, tafuta kwenye makumi na mamia, namba mbili zilizopishana kwa tatu. Pitia kila mstari, risiti mkononi.

MtotoWaBungoma (Jumatano, saa 4 usiku)

Nimeiona! Sukari ya Jumatatu. Debiti nimeandika 1,410, krediti 1,140. Risiti inasema 1,410. Nimekata, nimeandika upya, zimelingana. Mjomba amelala, nimemwamsha nimwonyeshe.